Kimo cha Panya, Sauti ya Fisi

Baridi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, haina mzaha. Ilikuwa saa mbili usiku, umeme umekatika, jiko la mkaa liko katikati ya sebule na dirisha limeachwa wazi kidogo, sufuria ya viazi inatokota. Mimi nimeshika kitabu mkono mmoja na simu yenye tochi mkono wa pili, nawasomea wapwa zangu. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa natafsiri papo kwa papo, na ndani yake mna panya shujaa anayetembea na upanga kiunoni. Mpwa wangu mkubwa, wa miaka tisa, akanikatiza.

"Mjomba, huo upanga una urefu gani? Maana kama ni wa panya, huo ni sindano."

Nikamwambia panya mwenyewe ni mkubwa. Mkubwa kama nani? Kama paka. "Sasa paka wa huko wakoje?"

Nikafunga kitabu. Nikahamia hadithi za kwetu, Sungura na Fisi, nikidhani huko nitapumzika. Sikufika mbali. Mdogo wake, wa miaka sita, ambaye muda wote nilidhani amesinzia, akauliza: "Mbona Fisi anaongea kama babu?"

Babu, yaani baba yangu mzazi, mzaliwa wa Tukuyu, alikuwa kwenye kochi pale pale. Hakusema kitu. Alipuliza chai yake.

Maswali yale mawili, la kimo na la lafudhi, nimeyazungusha kichwani tangu usiku ule. Mtu akitunga hadithi ambamo wanyama wanasema, hana budi kuyajibu yote mawili, hata kama hajui kwamba ameyajibu. Na ukiyafuatilia unaona yanakutana mahali pamoja: mdomoni mwa mnyama.

Tuanze na kimo, maana huko kuna hesabu. Panya wa nyumbani, yule mdogo wa darini, akisimama kwa miguu ya nyuma hafiki sentimita 10, na uzito wake ni gramu 20 hivi. Yule shujaa wa kitabuni ni wa mfululizo wa Narnia wa C. S. Lewis, na kitabu kimoja kinamtaja kuwa na kimo cha kama futi mbili, yaani sentimita 60. Tuseme amekuzwa mara saba. Haraka haraka mtu atadhani uzito nao umepanda mara saba. Lakini amekua mara saba kwenda juu, mara saba kwenda mbele na mara saba kwenda ubavuni, hivyo uzito umepanda kwa 7 × 7 × 7, yaani mara 343. Gramu 20 zimekuwa karibu kilo saba, jogoo watatu wa kienyeji hao. Mfupa wa mguu, kwa upande mwingine, unabeba kwa upana wa mkato wake, kama vile ukikata muwa ukatazama ile duara nyeupe. Duara hiyo imeongezeka kwa 7 × 7 tu, mara 49. Kwa hiyo kila punje ya mfupa inabeba mzigo mara saba ya ule iliozoea. Ni sawa na kuchukua pikapu iliyozoea gunia kumi za viazi, ukaipakia sabini, halafu ukaiambia ipandishe mlima.

Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638: mnyama akikuzwa, mifupa yake haiwezi kubaki na umbo lile lile, lazima inenepe kupita kiasi. Mwaka 1926 mwanasayansi Mwingereza J. B. S. Haldane alilirudia kwa mfano usiosahaulika. Angusha panya kwenye shimo la mgodi lenye kina cha yadi elfu moja. Akifika chini anapata mshtuko kidogo, anaondoka zake. Panya mkubwa anakufa. Mtu anavunjika. Farasi anatapakaa.

Hapo ona nilivyokwama. Haldane alikuwa na maneno mawili tofauti kwa wanyama wawili tofauti, mimi nina panya na panya mkubwa. Kiswahili hakikuona haja ya kuwatenganisha. Katika hadithi za Waingereza utengano huo ni kila kitu: yule mdogo ni mwema, mnyenyekevu, shujaa asiyetarajiwa, na yule mkubwa ni haramia. Katika vitabu vya Redwall vya Brian Jacques, vilivyoanza kutoka mwaka 1986, jeshi la adui ni la panya wakubwa na abasia, yaani nyumba ya watawa, inayozingirwa inakaliwa na panya wadogo. Jaribu kumtafsiria mtoto wa Mbeya: "Panya wakawavamia panya." Atakuuliza ni ukoo gani umegombana.

Jawabu letu ni panya buku, na wala hatuhitaji kuruka mpaka kwenye ndoto kumpata. Pale Morogoro shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa nchini Uingereza. Alikuwa na uzito wa kilo 1.2 na urefu wa sentimita 70 pamoja na mkia. Ni mkubwa kwa panya, lakini bado mwepesi kiasi kwamba akikanyaga bomu halilipuki. Nilipomweleza mpwa wangu, alinyamaza kidogo akasema, "Basi yule wa upanga anawezekana." Mpaka leo huo ndio uhakiki bora wa fasihi niliowahi kuusikia sebuleni kwangu.

Milima yetu nayo ina la kusema. Katika Udzungwa kuna sengi, mnyama mwenye pua ndefu kama kamkonga, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2008 kuwa spishi mpya. Ana uzito wa gramu 700 hivi, na ndugu zake wote wa jamii ya sengi hawamfikii. Kwa hiyo maumbile yenyewe hukuza wadogo. Ila huwakuza kwa kiasi, na humtengenezea kila mmoja mguu unaomfaa.

Watunzi wametafuta njia zao. Lewis alilimaliza suala mwanzoni kabisa: katika kitabu cha mwaka 1955 kinachoeleza jinsi Narnia ilivyoumbwa, wanyama waliochaguliwa kupewa usemi wanabadilika kimo papo hapo. Wadogo kama sungura na fuko wanakua sana, na wakubwa kama tembo wanapungua kidogo. Wote wanasogezwa kuelekea katikati. Na katikati hiyo ni kiti. Mnyama atakayesema na mtu lazima waweze kukaa meza moja, mmoja asimkanyage mwenzake na mwingine asitafutwe chini ya sahani. (Tembo aliyepunguzwa nilimwonea huruma. Mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mkubwa, na huyu hana manyoya. Mpeleke Makete mwezi wa saba uone.)

Lewis Carroll alifanya kinyume, tangu 1865: wanyama aliwaacha, akambadilisha mtoto. Alisi anakunywa, anabaki inchi 10; anakula keki, anapita futi 9; akikutana na kiwavi ni inchi 3 tu. Kitabu hicho kina Kiswahili chake tangu 1940, Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na katika michoro yake Elisi ni mtoto wa Kiafrika. George Orwell hakumgusa yeyote. Katika Shamba la Wanyama, kama Fortunatus Kawegere alivyolifasiri mwaka 1967, farasi ni farasi na kuku ni kuku, kwa sababu hadithi yote inaegemea nguvu halisi ya mwili wa farasi anayeburuta mawe. Nguruwe akitaka kuandika ukutani inabidi abane brashi kati ya kwato zake. Orwell hakuona taabu kutuonyesha tabu hiyo.

Aliyenifurahisha zaidi ni Kenneth Grahame, ambaye mwaka 1908 aliandika kisa cha chura tajiri mwenye wazimu wa magari na akakataa katakata kutuambia chura huyo ana ukubwa gani. Chura anaendesha gari la watu. Anafungwa jela ya watu. Anatoroka amevaa nguo za mwanamke dobi, na walinzi hawamtambui, maana yake nguo zilimkaa. Kisha mama mwenye mashua anagundua kuwa abiria wake ni chura, anamshika mguu wa mbele na wa nyuma, anamrusha majini. Sentensi chache tu na amekuwa wa kurushwa. Wapo wasomaji wanaokereka. Mimi sikereki, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kusikiliza.

Sungura wa hadithi zetu analima shamba na Fisi, anaposa binti wa mfalme, anampanda Fisi mgongoni kama punda, na jioni anaingia kwenye kichaka ambacho hata kuku angekiona kidogo. Sungura halisi ana kilo mbili tatu. Fisi madoa anafika 60 na kuzidi. Hakuna bibi yeyote niliyemsikia akisimama kueleza jembe la Sungura lilikuwa na mpini wa urefu gani. Kilichokuwa muhimu ni kwamba Sungura ni mdogo kuliko Fisi, na Fisi ni mdogo kuliko Tembo. Mpangilio huo ukishika, vipimo vinaweza kulala. Ukiuvunja, ukamfanya Sungura alingane na Fisi ili jembe liwatoshe wote, umeua hadithi, maana ujanja una kazi pale tu nguvu haipo.

Na lugha yenyewe imeshafanya nusu ya kazi. Kwa Kiingereza kuna neno la mtu na neno la kitu, na mnyama hutupwa upande wa kitu mpaka apewe jina. Mtunzi lazima aamue ni lini ng'ombe anaacha kuwa kitu. Kiswahili hakina mlango huo. Mwalimu amekuja, simba amekuja. Kifaru amelala, ingawa jina lake limeanza kama kiatu. Sarufi imewakaribisha wanyama mezani hata kabla hawajafungua kinywa.

Kimo nacho tunakibeba ndani ya jina. Nyoka akizidi ni joka. Mbwa akidharaulika ni kijibwa, akitisha ni jibwa. Huku nyanda za juu, Kinyakyusa, Kihehe na Kibena vina ka- na tu-, ndiyo maana Kiswahili cha Mbeya na Iringa kimejaa katoto, tutoto, kambuzi. Tamu ni kwamba ukibadilisha kimo mara nyingi unabadilisha na heshima: joka limetoka pangoni, kijibwa kimebweka. Ameshatolewa kundi la watu, amepelekwa kwa vitu. Kisha joka lile lile linafungua mdomo, na hapo msimulizi anatakiwa achague: likasema, au akasema? Nimezisikia zote mbili. Mimi hurudi kwenye akasema, kwa sababu kitu hakisemi. (Kipanya, ile daladala ndogo, nacho tumekipandisha cheo kwa namna yetu: ndiye panya pekee ambaye watu kumi na kadhaa wamewahi kupanda ndani yake wakaenda Mwanjelwa.)

Nyumbani kwetu kulikuwa na kipimo kingine, cha mkono. Ukieleza kimo cha mbuzi au ndama, unaweka kiganja kikitazama chini, kama unamgusa mgongo. Kimo cha mtoto wa mtu hakionyeshwi hivyo. Mtoto unamwonyesha kwa kuinua mkono vidole vikitazama juu, ili aendelee kukua. Nilishawahi kuchapwa kofi la mkono kwa kumwonyesha mdogo wangu kama mbuzi.

Sasa tuje kwenye sauti. Sikio la binadamu hushika mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Panya wadogo wanapoitana, sehemu kubwa ya mazungumzo yao iko juu ya mpaka huo. Darini kwako kunaweza kuwa na mkutano mzima na wewe usisikie neno. Tembo yuko upande wa pili. Mngurumo wake mwingi uko chini ya mitetemo 20, na tembo wa Ruaha wanaweza kupashana habari kwa umbali wa kilomita kadhaa wakati mgeni ndani ya gari anadhani wamenyamaza. Kwa hiyo mtunzi anayemwacha panya na kimo chake na bado akampa usemi, amefanya muujiza wa pili bila kutaja: ameishusha sauti yake hadi kwenye masikio yetu. Lewis, kwa kukuza panya na kupunguza tembo, amewasogeza wote karibu na koo la mtu. Sidhani alipiga hesabu ya mitetemo. Ila imemkaa vizuri.

Hayo ni ya koo. Lafudhi ni jambo jingine, na wanyama wa kweli wanatusaidia kuliona. Mwaka 1971 familia moja ya jimbo la Maine, Marekani, iliokota pwani mtoto wa sili, mnyama wa baharini, ikamlea. Wakamwita Hoover. Alipohamishiwa Boston, kwenye nyumba ya maonyesho ya viumbe wa majini, akaanza kuwaita watu kwa maneno ya Kiingereza, na lafudhi yake ilikuwa ya pwani ile ile, kama ya mzee aliyemlea. Korea Kusini kuna tembo aitwaye Koshik, ambaye watafiti waliandika habari zake mwaka 2012: hutia mkonga mdomoni akatoa maneno matano ya Kikorea, na wenyeji wanayatambua. Mkonga mdomoni ni mambo ya mwili. Kikorea ni mambo ya malezi.

Hapo ndipo fundo linapofunguka. Mnyama wa hadithini anaweza kupewa lafudhi za aina mbili. Kuna lafudhi ya mdomo: anasema hivi kwa sababu ya meno yake, pua yake, ulimi wake. Na kuna lafudhi ya kijiji: anasema hivi kwa sababu mtunzi amemvika sauti ya watu fulani wanaojulikana. Ya kwanza inatuambia mnyama ni nani. Ya pili inatuambia mtunzi anawaonaje jirani zake.

Waafrika wengi waliosimulia zamani walikuwa mabingwa wa ile ya kwanza. Miaka ya 1870 Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika masimulizi ya Waxam, Wasani wa Afrika Kusini, na Bleek alistaajabu kwamba karibu kila mnyama alikuwa na namna yake ya kutamka. Kobe aligeuza vidoko vya lugha ile, zile sauti za kualisha ulimi, kuwa sauti za midomo. Sungura alikuwa na kidoko chake ambacho katika usemi wa kawaida wa watu hakikuwepo. Katika hadithi za Kihausa, Gizo, yule buibui mlaghai, ana kithembe. Ananse wa Ghana, buibui mwenzake, anasema puani. Hakuna kijiji kinachochekwa hapo. Ukisikia kithembe unajua Gizo ameingia, hata kabla jina halijatajwa. Ni kama mavazi.

Ya pili tunaijua zaidi kwa sababu ya sinema. Mwanaisimu Rosina Lippi-Green, katika kitabu cha mwaka 1997, alichunguza lafudhi za wahusika katika filamu za katuni za Disney akaonyesha jinsi wabaya wanavyopewa mara kwa mara lafudhi za kigeni. Tazama ile ya simba ya mwaka 1994, ambayo sisi tuliipokea kwa shangwe kwa kuwa majina ni yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Baba mwema ana sauti ya Mmarekani James Earl Jones. Mjomba muuaji ana Kiingereza cha Uingereza cha Jeremy Irons. Ndugu hao wamezaliwa tumbo moja, wamekulia mwamba mmoja, lafudhi wamezipata wapi tofauti? Hoover wa Maine angewauliza. Mimi kama mjomba nina kinyongo changu binafsi pia.

Redwall hufanya vivyo hivyo ndani ya nchi moja. Fuko wanasema kama wakulima wa kusini-magharibi mwa Uingereza, sungura-mwitu kama maofisa wa jeshi la zamani. Jacques aliwapenda fuko wake, hilo linaonekana, ni wahusika wachangamfu na wenye busara. Lakini mkulima anabaki chini ya ardhi na ofisa anabaki na mgongo ulionyooka. Nani aliamua?

Mtunzi Richard Adams, katika riwaya yake ya sungura ya mwaka 1972, alipata njia ambayo naiona bora kuliko zote. Sungura wake wana kimo halisi, hesabu yao inaishia nne, zaidi ya hapo ni "wengi" tu, na safari yao ya kilomita chache ina uzito wa kuhama nchi. Wana lugha yao. Kisha anatua shakwe kutoka baharini, anasema nao kwa lugha ya mseto, amevunja sarufi, ana lafudhi nzito. Adams alieleza kwamba alimchukua kwa mtu halisi, Mnorwe wa upinzani wa wakati wa vita aliyemfahamu. Ni lafudhi ya kijiji, ndiyo. Lakini ina sababu ndani ya hadithi: huyu ni mgeni, anasema lugha ya pili, na kila mara anapokosea tunakumbushwa kwamba amekuja kutoka mbali na bado anajitahidi kueleweka.

Na sisi je? Vichekesho vyetu vya redioni na jukwaani vina stoo ya lafudhi: mlinzi wa Kimasai, muuza duka wa Kichaga, mpwani wa maneno marefu, na sisi wa Mbeya. Kinyakyusa cha asili hakina z, hakina sh, hakina r. Mzee wa Tukuyu akisema Kiswahili, zawadi inaelekea kuwa sawadi, shule inakuwa sule, rafiki anakuwa lafiki. Hakuna kosa la akili hapo. Ni ulimi uliojifunza lugha nyingine kwanza, kama shakwe yule. Mke wangu wa Iringa, anayeanza siku yake kwa salamu ya kamwene, ana yake, na hata anayejiona hana lafudhi anayo. Ni vile tu haichekwi.

Nilipokuwa nasoma Dar es Salaam, niligundua kwamba nikisimulia kisa kwa sauti ya baba yangu, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikaifanya kazi. Fisi, mlafi na mjinga, akawa anasema, "Sungula, lafiki yangu, nimekuletea sawadi." Miaka ilipita, sauti ile ikaganda kwa Fisi, nikasahau niliitoa wapi. Mtoto wa miaka sita, ambaye babu yake ndiye humkatia embe na kumfundisha kusema ndaga, yaani asante, hakusahau. Kwake mambo yalikuwa wazi: ama Fisi ni ndugu yetu, ama mjomba anamcheka babu.

Ningeweza kumpa Fisi lafudhi ya mdomo. Fisi ana taya la kuvunja mifupa. Ningemfanya aseme huku anatafuna, herufi zinamponyoka pembeni mwa mfupa. Ndivyo nilivyopanga usiku ule ule nikiwa bado nimeshika tochi, nikitafuta pa kuanzia upya.

Baba akaweka kikombe chini. "Mlete huyo Fisi hapa," akasema, na wapwa zangu wakahamia kochini.

Akasimulia kisa kile kile, njaa ile ile, shamba lile lile la karanga. Sungura wake alisema kama yeye mwenyewe, alijiita Sungula, aliazima jembe, alimsalimia kila mtu njiani ugonile. Fisi alipofunguliwa mdomo, nilishtuka. Baba alikaza shingo, akashusha miwani, akatoa Kiswahili sanifu cha ofisini ambacho sijawahi kumsikia nacho katika maisha yangu yote: "Ndugu Sungura, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Rudi siku ya Jumatatu." Dada yangu aliyekuwa jikoni alicheka mpaka akaangusha mwiko. Tangu mwezi wa pili mzee alikuwa anafuatilia karatasi fulani ya kiwanja.

Sungura akarudi Jumatatu. Karanga zimekwisha kuliwa, faili halionekani. Mpwa wangu mkubwa, yule wa vipimo, hakuweza kuvumilia.

"Babu, lakini huyo Sungura ana kimo gani hasa?"

Mzee hakufikiri hata kidogo. Aliinua mkono kutoka sakafuni, akausimamisha usawa wa goti, vidole vikitazama juu.